Umenunua, lakini unaruhusiwa kunakili?

Chukua CD uliyoinunua kihalali. Unaitia kwenye kompyuta, unahamisha nyimbo zake hadi kwenye simu ili uzisikilize njiani. Hujamuuzia mtu, hujampa rafiki, hujapandisha chochote mtandaoni. Je, umevunja sheria ya hakimiliki?

Ukiwa Ujerumani, hapana, na tena nakala hiyo umekwisha kuilipia bila kujua. Ukiwa Canada, hapana, almuradi CD yenyewe haina kufuli. Ukiwa Marekani, hakuna kifungu kinachokitaja kitendo hicho na kukiruhusu waziwazi, ila wakili wa makampuni ya muziki alisimama mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 2005 akasema kwamba kuhamisha CD uliyonunua hadi kwenye kompyuta na kicheza muziki chako ni halali. Ukiwa Uingereza, ndiyo, umevunja, ingawa hakuna atakayekuja kukugongea mlango kwa sababu hiyo.

Kitendo ni kilekile, majibu ni manne. Wengi hudhani ni suala la nchi kali na nchi legevu. Sivyo. Kila nchi ilijaribu kwa namna yake kujibu swali moja lililoanza kabla ya intaneti: mtunzi alipweje kwa nakala inayotengenezwa ndani ya nyumba ya mtu, mahali ambapo hakuna askari wala mkaguzi wa kuiona?

Msingi wenyewe ni mfupi. Haki ya kunakili ni ya mtunzi au aliyemuuzia haki hiyo. Ukinunua kitabu au diski unamiliki kile kitu unachokishika. Kazi iliyomo ndani bado si yako. Hata hivyo, Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ulipofanyiwa marekebisho Stockholm mwaka 1967, uliziachia nchi nafasi ya kuruhusu watu wanakili bila kuomba idhini, kwa masharti matatu: iwe katika hali maalumu, isigongane na njia ya kawaida ya mwenye kazi kujipatia kipato, na isiumize maslahi yake halali kupita kiasi. Nakala ya matumizi binafsi inapita katika mwanya huo. Nasema mwanya kwa makusudi. Mfaransa mmoja alinunua filamu ya DVD, akataka kuihamishia kwenye kanda ya video ili aitazame nyumbani kwa mama yake. Kufuli la diski likamzuia. Akaenda mahakamani akidai ananyimwa haki yake ya kunakili. Mwaka 2006 Mahakama ya Kasasheni, iliyo ya juu Ufaransa kwa kesi za namna hii, haikukubaliana naye, na kesi iliporudi mahakama ya rufaa, akaambiwa bila kificho kwamba nakala binafsi ni ruhusa tu, si haki ambayo mtu anaweza kuidai kwa muuzaji.

Mambo mengi yanayofuata yanatokana na tofauti hiyo kati ya kuruhusiwa na kuwa na haki.

Wajerumani na sebule ya mtu

Miaka ya 1950 mashine za kurekodi kwa utepe zilianza kuingia majumbani Ujerumani. GEMA, chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi wa muziki nchini humo, kiliona watu wanarekodi muziki wa redioni na wa santuri bila kumlipa yeyote. Kikaenda mahakamani dhidi ya mtengenezaji, kampuni ya Grundig, na mwaka 1955 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikaamua kwamba kurekodi muziki kwa utepe, hata nyumbani, kunahitaji idhini ya mtunzi. Ulikuwa ushindi mkubwa, kwenye karatasi. Sasa nani atapita nyumba kwa nyumba?

GEMA wakabuni njia: wauzaji wa mashine hizo wachukue taarifa za kitambulisho cha kila mnunuzi na kuzikabidhi kwa chama, kijue nani anamiliki kinasa sauti. Mwaka 1964 mahakama ileile ikawakatalia. Hukumu ilisema, kwa ufupi, kwamba huwezi kulinda haki ya mtunzi kwa kuchungulia maisha ya watu ndani ya nyumba zao. Bunge likapata njia ya kutokea mwaka uliofuata. Sheria ya 1965 iliruhusu nakala binafsi, na badala ya kumfukuzia anayenakili, ikamgeukia anayetengeneza au kuagiza mashine: yeye ndiye alipe tozo kwa ajili ya watunzi, naye ataiingiza kwenye bei. Mwaka 1985 tozo ikapanuliwa hadi kwenye kanda tupu. Mwaka huohuo Ufaransa nayo ikaanzisha yake, na baadaye sehemu kubwa ya Ulaya ikafuata.

Mfumo huu una kasoro iliyo wazi: anayenunua diski tupu ili ahifadhi picha za harusi yake analipa sawa na anayejaza muziki. Canada, kwa mfano, hutoza senti 29 kwa kila CD tupu ya kurekodia, bila kukuuliza utaweka nini. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililazimika kuweka mpaka mwaka 2010, katika kesi ya duka la Kihispania liitwalo Padawan: tozo haiwezi kubebeshwa vifaa vinavyonunuliwa na makampuni na ofisi kwa kazi ambazo ni dhahiri hazihusiani na nakala binafsi. Pamoja na kasoro zake, naona ndiyo njia ya uungwana kuliko zote zilizojaribiwa. Inakiri kwamba watu watanakili, inamlipa mtunzi, na inamwachia mwenye nyumba faragha yake.

Marekani: mashine kwanza

Marekani ilipita njia nyingine. Mwaka 1976 studio za Universal na Disney ziliishtaki Sony kwa sababu ya Betamax, mashine iliyomwezesha mtu kurekodi kipindi cha televisheni na kukitazama baadaye. Hofu ya Hollywood haikuwa ya kawaida. Mwaka 1982 Jack Valenti, msemaji wa studio, aliliambia Bunge kuwa kinasa video kwa watengeneza filamu ni sawa na yule muuaji wa Boston, aliyekuwa akinyonga wanawake, kwa mwanamke aliye peke yake nyumbani.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Januari 1984 majaji watano dhidi ya wanne waliipa Sony ushindi. Walisema kurekodi kipindi kinachorushwa bure ili ukitazame kwa wakati wako ni «matumizi ya haki», yaani yasiyohitaji idhini, na kwamba huwezi kumtia hatiani anayeuza mashine yenye kazi nyingi halali eti kwa sababu wengine wataitumia vibaya. Ushahidi mmoja uliowagusa majaji ulitoka kwa Fred Rogers, mtangazaji wa kipindi cha watoto, aliyesema haoni ubaya wowote familia zikirekodi kipindi chake na kukitazama pamoja kwa saa inayowafaa. Baada ya miaka michache kanda za video zilikuwa zikiingizia studio zilezile mabilioni.

Hukumu hii hutajwa sana na mara nyingi hupewa uzito isiokuwa nao. Ilihusu kurekodi matangazo ya televisheni ya bure ili kuyatazama baadaye. Haikusema kwamba unaweza kujijengea maktaba ya filamu, wala haikugusa diski yenye kufuli, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na DVD.

Kwa muziki wa kidijiti Marekani iliigusa tozo kwa ncha ya kidole. Sheria ya mwaka 1992 iliweka asilimia 2 ya bei kwa mashine za kurekodi sauti kidijiti na asilimia 3 kwa kanda na diski zake, ikataka pia mashine zenyewe ziwe na kizuizi: unaweza kunakili kutoka kwenye chanzo, lakini nakala haizai nakala nyingine. Kompyuta ya kawaida ikaachwa nje. Miaka sita baadaye ikaja Rio, kicheza MP3 kilichotoshea kiganjani, na kampuni za muziki zikataka kizuiwe. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikasema Rio haimo katika sheria ile, kwani inapokea mafaili kutoka kwenye kompyuta, nayo kompyuta haimo. Majaji wakaongeza kwamba kuhamisha faili zako mwenyewe ili uzibebe ni matumizi binafsi yanayolingana na shabaha ya sheria. Tangu hapo sheria ya 1992 ipo vitabuni, huku teknolojia yote ya maana ikipita pembeni yake.

Kufuli

Nakala ya kanda ilikuwa ikichakaa. Ukinakili kanda kutoka kwenye nakala ya nakala, unasikia zaidi mvumo kuliko mwimbaji, na kuchakaa huko kulikuwa ulinzi wa asili kwa wenye kazi. Faili haichakai. Nakala ya elfu moja iko sawa na ya kwanza, tarakimu kwa tarakimu. Isitoshe kompyuta haiwezi hata kukuonesha ukurasa bila kuunakili kwenye kumbukumbu yake, kiasi kwamba Ulaya ililazimika kuandika wazi katika mwongozo wake wa 2001, sheria ambayo nchi wanachama hutakiwa kuifuata, kwamba nakala za muda za namna hiyo hazihitaji idhini.

Wenye kazi, kwa kuogopa faili isiyochakaa, waliamua kuifunga. Mkataba wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na hataza, wa mwaka 1996 ulizitaka nchi zilinde makufuli ya kidijiti kisheria. Marekani ikatekeleza kwa sheria ya 1998, Umoja wa Ulaya kwa mwongozo huo wa 2001. Hapa ndipo mkono wa kulia ulipotoa na wa kushoto ukanyang'anya. Kuvunja kufuli kukawa kosa linalojitegemea. Nchini Marekani hata kama nakala unayoitaka ingekuwa halali kabisa, kulifungua kufuli ili uifikie kunaweza kukutia hatiani.

DVD ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Picha zilizomo zimevurugwa kwa mfumo uitwao CSS, wenye ufunguo wa biti 40 tu, udhaifu ambao hata wakati ule ulijulikana. Funguo walipewa watengenezaji wa vicheza diski waliosaini mkataba. Waliotumia mfumo wa Linux hawakuwa na kicheza kilichoidhinishwa, kwa hiyo walikuwa na diski halali na kompyuta nzima lakini hawawezi kutazama. Mwaka 1999 programu ya DeCSS, iliyoyavua mavurugo hayo, ilisambaa mtandaoni; Mnorwe Jon Lech Johansen, kijana wa miaka 15, alikuwa miongoni mwa walioitengeneza. Alishtakiwa kwao. Mahakama ya Oslo ilimwachia huru Januari 2003, na ya rufaa ikathibitisha Desemba mwaka huohuo: mtu aliyenunua diski ana haki ya kuifikia picha aliyoinunua. Marekani, programu hiyohiyo iliishia kwingine. Jarida liitwalo 2600, lililoiweka kwenye tovuti yake, liliamriwa na mahakama kuiondoa.

Marekani ina utaratibu wa kulegeza kamba: kila baada ya miaka mitatu Mkutubi wa Bunge hupokea maombi na kutaja makundi yanayosamehewa. Walimu na watengenezaji wa filamu za hali halisi wamepata nafasi ya kuchukua vipande vifupi. Mtu wa kawaida anayetaka kuhamishia DVD zake kwenye kishikwambi amekataliwa, mwaka 2012 na tena 2015. Canada iliandika ruhusa nzuri mwaka 2012 ya kubadili umbo la ulichonunua, kisha ikatia sharti kwamba usivunje kufuli, na kwa kuwa karibu kila filamu inauzwa imefungwa, ruhusa hiyo kwa filamu imebaki maandishi. Australia mwaka 2006 iliruhusu kuhamisha nyimbo, na filamu zilizo kwenye kanda ya video tu. DVD haimo. Ukitafuta mantiki utaipata mahali pamoja: kanda haina kufuli la kidijiti.

Nikiambiwa nichague kifungu kimoja cha kufutwa katika eneo hili lote, ningechagua hiki kinachoadhibu kufungua kufuli bila kuuliza lilifunguliwa kwa kusudi gani. Hakimzuii haramia, maana yeye anahitaji mtu mmoja tu duniani afanikiwe, halafu faili inatembea yenyewe. Anayebaki mlangoni ni mnunuzi. Mwaka 2005 Sony BMG ilifika mbali zaidi ikauza CD ambazo, ukizitia kwenye kompyuta, zilisakinisha kwa siri programu ya kuzuia kunakili, programu iliyojificha ndani ya mfumo na kuacha mianya ya usalama. CD hizo zilirudishwa baada ya kelele kubwa na kesi kadhaa.

Miezi tisa ya Waingereza

Uingereza haikuwa na tozo wala ruhusa ya kunakili ulichokinunua. Watu walinakili kwa miongo, sheria ikatazama pembeni. Tarehe 1 Oktoba 2014 serikali iliamua kulimaliza: mtu aliruhusiwa kunakili kile alichokinunua kihalali kwa matumizi yake mwenyewe, na akigawa au kuuza cha asili lazima afute nakala. Sharti hilo la mwisho, ambalo Canada pia inalo, linasahaulika mno. Kuuza rundo la CD zako na kubaki na faili zake si nakala binafsi tena.

Tatizo lilikuwa malipo. Mwongozo wa Ulaya unasema nchi ikiruhusu nakala binafsi, wenye kazi wapate fidia ya haki. Uingereza ilikataa tozo, hoja yake ikiwa kwamba ruhusa ni finyu na wauzaji wamekwisha kuihesabu katika bei, kwa hiyo hakuna hasara ya kufidiwa. Vyama vya watunzi na wanamuziki vikaenda Mahakama Kuu. Jaji hakusema kwamba hoja ya serikali haiwezekani. Alisema ushahidi iliouleta hauibebi. Julai 2015 kifungu kikafutwa. Serikali ingeweza kurudi na utafiti bora au tozo ndogo. Haikurudi, na kwa hiyo nchi ambamo kila mtu alikwisha hamisha CD zake imebaki na sheria inayosema hapana. Hilo ni jeraha la kujitakia.

Chanzo, leseni na wingu

Kwa miaka mingi Uholanzi ilikuwa kimbilio la hoja moja: kwa kuwa tozo inalipwa, kupakua kwa matumizi binafsi ni halali hata kama aliyeipandisha faili ni mwizi. Tarehe 10 Aprili 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliizima hoja hiyo katika kesi ya ACI Adam. Ruhusa ya nakala binafsi hailindi nakala inayotoka kwenye chanzo haramu. Anayesema «ni ya kwangu tu, siiuzi» amejibu nusu ya swali. Nusu nyingine ni ameitoa wapi.

Programu za kompyuta zina utaratibu wake, na kwa mara moja sheria inamwelekea mtumiaji: Ulaya mkataba hauwezi kumzuia mtumiaji halali kutengeneza nakala ya akiba inayohitajika kwa matumizi yake, na Marekani ina kifungu kinachofanana. Ila nakala hiyo ya akiba si ya kuuza.

Lakini mambo haya yote yanadhani umenunua kitu. Siku hizi mara nyingi unachokilipia ni leseni, na kitufe kilichoandikwa «nunua» hakibadili masharti uliyoyakubali. Mwaka 2009 wasomaji wa Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, waliamka wakakuta vitabu vya George Orwell walivyokwisha kulipia vimetoweka kwenye vifaa vyao. Amazon ilikuwa imegundua kwamba aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo, ikavifuta kwa mbali na kurudisha pesa. Mkuu wake aliomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kidijiti, na vitabu vikaacha kufunguka, pesa zikarudishwa. Kuuza faili uliyotumia nako kumefungwa: mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York iliikataa biashara ya kampuni ya ReDigi ya kuuza nyimbo za kidijiti zilizokwisha kutumika, na Ulaya ikafanya vivyo hivyo kwa vitabu vya kielektroniki mwaka 2019. Jimbo la California angalau limeamua watu waambiwe ukweli: tangu Januari 2025 muuzaji wa bidhaa ya kidijiti haruhusiwi kutumia neno «nunua» bila kumweleza mteja kwamba anachopata ni leseni, isipokuwa faili inaweza kupakuliwa na kubaki kwa mteja moja kwa moja. Nyimbo unazozihifadhi ndani ya programu ya kusikilizia ili uzipige bila intaneti ziko upande wa leseni. Usipolipa mwezi, hazifunguki.

Hifadhi ya mtandaoni, ile iitwayo wingu, imewagawa majaji tena. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa nchini Marekani ilikubali kinasa televisheni kilichowekwa kwenye seva za kampuni ya kebo, kwa kuwa anayebonyeza kitufe cha kurekodi ni mteja, basi nakala ni yake. Mwaka 2017 mahakama ya Ulaya iliitazama VCAST, kampuni iliyosajiliwa Uingereza iliyorekodi vipindi vya televisheni za Italia na kumwekea mteja mtandaoni, ikasema mtoa huduma hatunzi nakala tu. Anausambazia umma matangazo, na kwa hilo anahitaji idhini. Kisha mwaka 2022, katika kesi ya kampuni ya Kijerumani ya Strato, mahakama hiyohiyo ikasema nakala unayojihifadhia kwenye seva ya mtu mwingine ni nakala binafsi kama ile iliyo kwenye diski ya mezani kwako, na mtunzi anastahili fidia. Ila si lazima mwenye seva ndiye atozwe. Nchi inaweza kuichukua fidia hiyo kwenye simu na kompyuta zinazotumika kupandisha faili, ikiwa jumla inatosha, na Ujerumani na Ufaransa zilikuwa zimekwisha kuitia tozo hiyo kwenye bei ya simu.